Apply ikikatikia njiani: kinachotokea ndani ya komandi moja ya Terraform

Ilikuwa saa tano usiku, hotspoti ya simu imewashwa, laptopu iko mapajani, na mi nimeshaandika terraform apply, komandi ya Terraform, ile tool inayosoma faili zako na kukutengenezea seva na databesi klaudini, nimejibu yes, nasubiri. Kilichokuwa kinatengenezwa ni databesi ya Postgres kwenye AWS, klaudi ya Amazon, ile huduma yao ya RDS, upande wa Cape Town, na kama umewahi kuitengeneza unajua haina haraka kabisa, dakika tano, kumi, siku nyingine zaidi, na Terraform kila baada ya sekunde 10 inakuandikia mstari kwamba bado inatengeneza, bado inatengeneza, kama konda anayekwambia gari linaondoka sasa hivi. Dakika ya sita bando likakata.

Sikugundua mara moja. Mistari iliendelea kuja, maana kumbe ule ujumbe wa "bado" unapigwa na saa ya kwenye laptopu yenyewe, hautoki Cape Town. Baadae kidogo skrini ikawa nyekundu, makosa matatu kwa mpigo: databesi imeshindwa kufuatiliwa, steti (daftari la kumbukumbu la Terraform) imeshindwa kuhifadhiwa, kufuli (la kuzuia wawili wasiliandike kwa pamoja) limeshindwa kufunguliwa.

Hayo makosa matatu ukiyaelewa umeielewa komandi nzima, ndo maana nimeanzia hapo. Wengi wetu tunaiona apply kama kitufe cha kusukuma tu, una faili zako za .tf, unataka klaudi ifanane nazo, unabonyeza, zinaenda. Kusukuma kwenyewe ni kipande kidogo sana. Ukifungua kodi yake, ambayo imeandikwa kwa Go na ipo wazi kusomwa (ya HashiCorp, kampuni iliyoitengeneza, ipo, na ya OpenTofu ipo, hawa waliojitenga 2023 baada ya HashiCorp kubadili leseni), utakuta sehemu kubwa inahangaika na swali moja: tukikatikia njiani, nani anakumbuka tulipofika?

Hilo swali lilikuwa limeshanitia adabu kabla hata ya huo usiku. Niliwahi kuandika katool kangu ka kuweka rekodi za DNS, zile zinazosema jina la mtandaoni linaelekea wapi. Kanasoma faili ya YAML, kanaangalia daftari lake, yaani faili la JSON pembeni, kuona nilishaweka zipi, kanaongeza zinazokosekana kupitia API, yaani mlango wa programu kuongea na programu, ya kampuni tuliyonunulia domeni. Mistari kama mia mbili hivi, nikajiona fundi. Kosa lilikuwa moja, daftari kalikuwa kanaliandika mwishoni, kakishamaliza rekodi zote. Siku moja API ikagoma ikiwa imepita saba kati ya kumi na mbili, katool kakafa palepale, daftari likabaki la jana. Nikakarudia, kakaongeza zile saba upya, na mojawapo ilikuwa ile rekodi ya TXT ya SPF inayosema seva gani zinaruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina lako. SPF ikiwa mbili kwenye domeni moja, kanuni zake zinasema hilo ni kosa, mpokeaji hachagui mojawapo, anahesabu umekosea. Barua pepe za watu zikaanza kuangukia spamu na mimi ndo nilikuwa wa mwisho kujua.

Kwa hiyo tuifuate apply hatua kwa hatua tuone wenyewe waliofikiria vizuri walifanyaje.

Ukibonyeza enta, kitu cha kwanza ni kusoma ulichoandika pembeni ya komandi, mambo ya -auto-approve, -target, -parallelism na wenzake. Hapa hakuna cha kukaa sana, ila kuna kitu kimoja kinachonichekesha kila nikikiona: terraform destroy haina kodi yake. Ndani ni apply ileile, imewekewa tu alama ya kwamba lengo ni kufuta kila kitu. Mtu aliyezoea kuiogopa destroy na kuipiga apply bila kuangalia ajue ni mtu yuleyule kabadili shati.

Kabla ya kugusa chochote inatafuta daftari, yaani steti. Watu wengi wanauliza kwa nini daftari liwepo wakati klaudi yenyewe unaweza kuiuliza una nini. Fikiria duka la mangi. Mangi akitaka kujua amebakiwa na sukari kiasi gani anageuka anaangalia kwenye rafu, haitaji daftari. Ila rafu haziwezi kumwambia nani anadaiwa. Klaudi nayo hivohivo, inaweza kukwambia kuna seva fulani yenye namba fulani ndefu, lakini haijui kwamba hiyo ndo uliyoiandika kwenye faili kwa jina la aws_instance.web, na haijui ile ya pembeni yake ni ya kwako au ya timu nyingine. Na kuna hili ambalo mi ndo liliniingia zaidi: ukifuta kipande kwenye faili lako la .tf, kipande hakipo tena, sasa programu itajuaje kuna kitu cha kwenda kufuta kule? Kwenye faili hakipo, kwenye klaudi vipo vitu elfu. Daftari pekee ndo linasema "hiki tulikitengeneza sisi na sasa hakitajwi popote, kiondoke".

Siyo kwamba hiyo ndo njia pekee. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, walipita kwingine, komandi yao ya kubectl apply inabandika kikaratasi kwenye kitu chenyewe, anotesheni inayobeba maelezo uliyotuma mara ya mwisho, halafu ukituma mapya inalinganisha mambo matatu, ulichotuma zamani, ulichotuma sasa, na kilichopo. Baadae wakaongeza njia ya kuifanya kazi hiyo kwenye seva yenyewe, na toleo la 1.22 mwaka 2021 ndo likaihesabu imekomaa. Inawezekana kule kwa sababu mwenye nyumba ni mmoja. Terraform inaongea na AWS, Cloudflare, GitHub, sijui na nani, huwezi kumlazimisha kila mmoja akutunzie vikaratasi, ndo maana daftari inatembea nalo yenyewe.

Daftari likishakuwa moja na watu ni wengi, lazima kufuli. Aliyewahi kupanga kwenye nyumba yenye choo kimoja anaelewa bila maelezo, ufunguo unaning'inia mahali pamoja, ukikuta haupo kuna mtu ndani, unasubiri. Kwa wanaotunza steti S3, stoo ya mafaili ya AWS, kufuli kwa miaka mingi lilikuwa mstari kwenye jedwali la DynamoDB, databesi nyingine ya AWS, na ujanja wake ni mdogo sana: andika mstari huu ila kwa sharti kwamba haujakuwepo. Wawili wakifika pamoja, DynamoDB inamkubali mmoja, mwingine anarudishwa. Kuanzia Terraform 1.10 unaweza kuiacha DynamoDB kabisa, maana S3 yenyewe mwaka 2024 ilianza kukubali uandishi wa sharti la namna hiyo, kwa hiyo kufuli linakuwa kafaili kadogo pembeni ya steti. Ndani ya kufuli kunaandikwa aliyefunga ni nani, kwenye mashine gani, saa ngapi, kwa kazi gani, na namba ya kufuli lenyewe. Kumbuka hiyo namba.

Sasa imeshika ufunguo. Inaanza kupitia kila kitu kilichopo kwenye daftari na kuuliza klaudi, hiki bado kipo? kimebadilika? maana kuna wale jamaa wanaoingia kwenye konso, ule ukurasa wa klaudi wa kubofyabofya, wakabadilisha kitu kwa mkono usiku afu asubuhi wanasema hawajagusa. Ikishapata picha ya kweli ndo inalinganisha na faili zako na kutoa plani, ile yenye alama za kujumlisha kwa kinachoongezwa, kutoa kwa kinachofutwa, ka-mawimbi kwa kinachorekebishwa palepale kilipo, na ile ya hatari, kutoa-na-kujumlisha pamoja, ambayo maana yake hiki hakirekebishiki, nakiua natengeneza kingine. Hiyo ya mwisho ikikaa mbele ya seva isiyo na kitu ndani siyo tatizo. Ikikaa mbele ya databesi, toa mkono kwenye kibodi.

Kuna thamani ambazo wakati wa plani hazijulikani. Anwani ya databesi haipo mpaka databesi izaliwe, lakini kuna rekodi ya DNS inayoihitaji. Kwenye plani utaona imeandikwa kwamba itajulikana baada ya apply. Ndani ya programu hiyo siyo sehemu tupu wala siyo sifuri, ni aina yake maalumu ya thamani, "haijulikani", na inaambukiza: ukiunganisha maneno na kitu kisichojulikana, jibu nalo halijulikani. Wanaojaribu kuandika tool kama hii wenyewe wanaponea au kufia hapa. Mi kwenye katool kangu niliweka nafasi tupu nikijua nitaijaza baadae, na kuna siku niliipeleka tupu hivohivo mpaka kwenye API.

Plani ikishaonyeshwa, swali. Unaulizwa unakubali, na jibu linalokubalika ni yes, herufi zote tatu. Ukiandika y inakataa, ukibonyeza enta tu inakataa. Kuna watu inawakera, mi naona ni sawa kabisa, herufi mbili zaidi ndo nafasi pekee ya ubongo kufika kabla ya kidole. Na haikuwa hivi tangu mwanzo, Terraform ilitoka 2014 na kwa miaka kadhaa ukisema apply ilikuwa inaenda moja kwa moja bila kukuuliza, kuuliza kukawa ndo kawaida kuanzia toleo la 0.11 mwaka 2017.

Unaweza pia kukata kazi vipande viwili, unapiga plan na -out, inakupa faili, halafu unaipa apply hilo faili, na hapo hakuna swali maana inachukulia ulishaisoma. Hilo faili ni zipu ya kawaida. Ukiifungua unakuta ndani plani yenyewe, nakala ya steti, nakala ya faili zako za .tf kama zilivyokuwa dakika ile, na orodha ya matoleo ya provaida, yaani programu za pembeni zinazoongea na kila klaudi. Yaani hata ukibadili kodi baada ya hapo, apply inafuata ile iliyogandishwa kwenye zipu. Faida yake kubwa: mkuu aliyeikubali plani asubuhi, jioni kinachofanyika ni kilekile. Na kama katikati mtu mwingine kaigusa steti, namba yake ya mfululizo imesogea, apply inakataa kwamba plani yako imechacha, piga upya. Ila humo ndani siri zinakaa wazi, nywila na vitu kama hivyo, kwa hiyo tafadhali usilitupe kwenye grupu la WhatsApp la timu ati "angalieni hii plani".

Haya, umesema yes. Sasa kusukuma kwenyewe.

Terraform inajenga grafu, kila kitu ni nukta na kila utegemezi ni mshale. Mtandao kwanza, afu sabneti (kipande cha huo mtandao), afu databesi, afu rekodi ya DNS inayoitaja databesi. Kila nukta inapewa gorutini yake, yaani kazi ndogo inayojitegemea, na kila moja inakaa kusubiri zile inazozitegemea zimalize. Vitu visivyohusiana vinaenda kwa wakati mmoja, ila siyo vyote, mwisho ni 10 kwa pamoja usipobadilisha -parallelism. Watu huongeza wakaweka 50 wakidhani itaenda mbio, na API ya upande wa pili inaanza kuwarudisha kwa kupiga hodi mara nyingi, mwisho inakuwa polepole kuliko ile 10. Kwenye kufuta mishale inageuka, kinachotegemea kinaondoka kwanza, huwezi kubomoa sabneti wakati databesi imekaa ndani yake.

Terraform yenyewe haijui AWS ni nini. Haijui databesi ni nini. Anayejua ni provaida, na provaida ni programu nyingine kabisa, inawashwa kama prosesi ya pembeni, wanaongea kwa gRPC. Kwa hiyo kila nukta ikifika zamu yake mazungumzo yanakuwa hivi: kuna hiki kilikuwepo, kuna hiki ndo plani, fanya, ukimaliza niambie kimekuwaje. Kinachorudi ndo kinaandikwa kwenye daftari.

Na hapa kuna kitu ambacho ukikisoma kwenye kodi unasema kumbe. Kabla ya kumwambia provaida "fanya", Terraform inapiga plani ya hicho kitu mara ya pili. Kwa nini? Kwa sababu sasa zile zisizojulikana zimejulikana, databesi imezaliwa, anwani ipo. Inapiga plani upya na thamani kamili, halafu inailinganisha na ile uliyoikubali. Sehemu iliyokuwa "haijulikani" inaruhusiwa kuwa chochote. Sehemu iliyokuwa imeshatajwa hairuhusiwi kubadilika hata kidogo. Ikibadilika, kazi ya hicho kitu inasimama na provaida ndo inatajwa kwamba imeleta plani ya mwisho isiyolingana na ya kwanza, tena wanakwambia wazi kwamba hii ni bagi ya provaida, karipoti huko. Na ikishafanya, wanakagua tena, kilichorudi kinafanana na kilichoahidiwa? Yaani ile yes yako waliichukua kama mkataba, na provaida ndo anayebanwa nao. Mi nikikutana na lile kosa zamani nilikuwa natukana, siku hizi naona ni mtu kanizuia nisidanganywe.

Tuje kwenye kuharibika.

Kitu kimoja kikishindwa, vinavyokitegemea vinarukwa, visivyohusiana naye vinaendelea mpaka mwisho. Halafu makosa yote yanaletwa pamoja. Haigeuzi nyuma. Hili linawashangaza watu waliotoka kwenye databesi, ambako muamala ukishindwa katikati kila kitu kinarudi kama hakijawahi kutokea. Nimeona watu wakilalamika kwamba ni uvivu wa waandishi. Siyo uvivu. Kurudisha nyuma maana yake ni kufanya mabadiliko mengine, kupitia API zilezile, ambazo dakika hiyo zina shida, na kuna vitu havirudi, ukishafuta diski yenye data, "kutengeneza tena" kunakupa diski mpya tupu yenye jina lilelile. AWS wenyewe kwenye CloudFormation, tool yao ya kazi kama hii, waliamua kurudisha nyuma, na ndo maana CloudFormation ina hali inayomaanisha kurudi nyuma nako kumeshindikana, na ukifika hapo huendi mbele wala nyuma mpaka uingilie kwa mkono. Mi nipo upande wa Terraform kwa hili. Simama ulipo, andika ukweli wa ulipo, mwenye kazi aamue.

Kwenye zile za kuua na kutengeneza upya kuna uangalifu mwingine. Ukiwasha create_before_destroy, kipya kinatengenezwa kwanza cha zamani kinafutwa baadae. Sasa kwa muda fulani kuna vitu viwili kwenye jina moja. Wao cha zamani wanakisogeza pembeni kwenye daftari, kinapewa kanamba kake, kinahesabika kama kilichovuliwa cheo ila bado kipo hai. Programu ikifa hapo katikati, daftari linavijua vyote viwili, na apply inayofuata itakumbuka kwenda kumalizia kukifuta cha zamani. Bila hiyo ungekuwa unalipia seva ambayo hakuna anayeijua.

Na wewe mwenyewe unaweza kuwa ndo kuharibika kwenyewe, umebonyeza Ctrl+C. Mara ya kwanza haifi. Inaacha kuanzisha vitu vipya, inawaambia provaida wasimame kwa ustaarabu, inasubiri vilivyo njiani vifike, inaandika daftari, inafungua kufuli. Kwa mtu mwenye haraka inaonekana imeganda, kwa hiyo anabonyeza tena, na mara ya pili ndo inakufa palepale ikikuonya kwamba huenda data imepotea. Usibonyeze mara ya pili. Kapike chai urudi.

Daftari lenyewe linaandikwa lini? Siyo mwishoni kama katool kangu. Kila kitu kikimaliza, steti ya kwenye kumbukumbu inasasishwa hapohapo, na kupelekwa kule inakotunzwa kunafanyika vipindivipindi kazi ikiendelea, kwa kawaida baada ya sekunde kama 20, maana kupandisha faili zima S3 kila rekodi moja ikimaliza ni kujitesa. Mwisho inapandishwa tena. Ikishindwa kupandisha, inaandika faili kwenye folda uliyopo, errored.tfstate. Na kama hata diski yako imejaa au hairuhusu kuandika, inafanya kitu ambacho mara ya kwanza kukisoma nilicheka peke yangu: inaimwaga steti nzima kwenye skrini, kama JSON, inakwambia nakili wewe mwenyewe. Haina pengine pa kuandika kwa hiyo inakukabidhi wewe mkononi. Nimeandika programu nyingi na sijawahi kufikiria kushindwa mpaka ngazi ya tatu hivo.

Lakini hata ukiandika kila baada ya kitu, kuna ufa unabaki, kati ya sekunde ambayo klaudi imesema "nimepokea" na sekunde ambayo wewe umeandika. Dawa yake iko kwa provaida. Provaida iliyoandikwa vizuri, ikishapata tu kitambulisho cha kitu inakiweka, kabla ya kuanza kusubiri kikamilike. Kwa hiyo kusubiri kukishindikana, daftari halisemi "hakipo", linasema "kipo, ila sina uhakika nacho", kinapigwa alama ya doa. Na chenye doa, apply inayofuata inapendekeza kukiua na kukitengeneza upya.

Sasa turudi kwenye ule usiku, maana hapa ndo yale makosa matatu yanasomeka vizuri. Provaida ilituma ombi la databesi, AWS ikapokea, kitambulisho kikawekwa. Bando likakata. Provaida ikawa inauliza imekamilika? imekamilika? haipati mtu, ikajaribu mara kadhaa ikakata tamaa: kosa la kwanza, databesi ina doa. Terraform ikaenda kupandisha steti S3, hakuna mtandao: kosa la pili, errored.tfstate ikazaliwa kwenye folda. Ikaenda kufungua kufuli, hakuna mtandao: kosa la tatu, kufuli likabaki limefungwa na sisi wenyewe tuko nje.

Nikanunua bando lingine kwa menyu ya simu, nikapiga plan. Ikakataa, kuna mtu ndani. Nasoma kufuli, aliyefunga ni nani? Jina langu, laptopu yangu, saa tano na dakika zake. Hapo ndo ile namba ya kufuli inatakiwa, terraform force-unlock na namba, ila kabla ya kuiandika nikamuuliza mwenzangu kwenye WhatsApp kama naye hana kitu anachoendesha, maana komandi hiyo inavunja mlango bila kuangalia nani kakaa. Akajibu amelala. Mtu aliyelala amejibuje sijui, nikafungua.

Pili, terraform state push errored.tfstate. Hiyo haiingizi kibubusa, inaangalia daftari unaloleta ni la ukoo uleule na namba yake ya mfululizo haijapitwa na lililopo kule, ndo inakubali. Ningeisahau hii hatua, daftari la S3 lisingeijua kabisa databesi, apply ingejaribu kuitengeneza na AWS ingenirudisha kwamba jina hilo lina mwenyewe.

Tatu nikapiga plan, na mbele ya databesi ikakaa ile alama, kutoa-na-kujumlisha. Kwa sababu ya doa. Ningekuwa na -auto-approve, ile inayoruka swali la yes, kwenye historia ya taminali, nikabonyeza mshale wa juu na enta kwa usingizi, ingeanza kuiua databesi nzima kabisa isiyo na tatizo lolote halafu dakika kumi nyingine za kusubiri, kwa bando la mia tano. Nikaingia kwenye konso nikaiangalia, ipo, imekamilika kitambo, AWS haikuwa na habari na vocha zangu. Nikapiga terraform untaint, ya kuondoa doa, na jina lake, nikapiga plan mara nyingine, ikaisoma upya kutoka klaudi, anwani ikajaa, na kilichobaki kilikuwa viwili tu vilivyorukwa kwa sababu vilikuwa vinaisubiri: rekodi ya DNS na siri yenye anwani ya databesi. Yes. Sekunde chache. Viwili vimeongezwa, sifuri vimebadilishwa, sifuri vimefutwa, na bando lilikuwa na MB 40.